KITABU KILICHOLALA CHINI YA SALA

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Aprili mwaka 1229, mkesha wa Pasaka, kasisi mmoja wa Kiyunani jina lake Ioannes Myronas alimaliza kunakili kitabu cha sala. Kwa desturi ya waandishi wa zamani akatia jina lake na tarehe, naye aliihesabu miaka kama Wayunani wa siku zile walivyoihesabu, tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ikawa mwaka wa 6737. Kitabu chenyewe hakikuwa kikubwa, wala hakikuwa na mapambo ya kifalme. Kilikuwa kitabu cha kazi, cha kushikwa mkononi na kasisi anapofungisha ndoa, anapowaombea wenye kutubu, na anapobariki vitu vya watu. Lakini ngozi alizoziandikia hazikuwa mpya. Zilikwisha kuandikwa miaka kama 250 kabla yake, na maandishi yale ya kwanza yakafutwa. Miongoni mwa maneno yaliyofutwa yalikuwamo maandiko ya Archimedes, mwenye maarifa ya hesabu wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sisilia, aliyeuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 kabla ya Kristo. Na baadhi ya maandiko hayo kwa Kiyunani hayakusalia katika kitabu kingine cho chote duniani.

Wataalamu wa vitabu vya kale hukiita kitabu cha namna hii palimpsesti, neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichokwanguliwa tena. Kiswahili hakina neno lake moja, wala hatuoni haja ya kubuni moja kwa haraka. Walakini jambo lenyewe si geni kwetu. Katika vyuo vya pwani mtoto huandikiwa sura juu ya ubao kwa wino. Akiisha kuihifadhi, ubao huoshwa, akaandikiwa nyingine. Na wazee waliosoma kwa sleti wajua jinsi hesabu ya asubuhi ilivyofutwa kwa mkono ili kupisha imla ya mchana. Tofauti ni hii, kwamba ubao huoshwa kwa sababu maneno yamekwisha kuingia moyoni mwa mtoto, bali ngozi za Archimedes zilifutiwa maneno ambayo hapakuwa na mtu aliyeyahifadhi.

Yafaa tukumbuke kwanza gharama ya ngozi. Ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama hulowekwa katika chokaa, hutolewa manyoya, huwambwa katika fremu ya miti, hukwanguliwa kwa kisu hata iwe nyembamba, kisha hukaushwa. Mnyama mmoja hutoa majani machache tu, na kitabu kizima hutaka kundi. Mtume Paulo, alipomwagiza Timotheo amletee vitabu vyake, alitaja hasa vile vya ngozi. Twaweza kufahamu kwa nini. Basi katika karne ya kumi mwandishi mmoja wa Konstantinopoli alikuwa amenakili kazi za Archimedes juu ya ngozi nzuri, kwa herufi ndogo na safi, pamoja na michoro yake. Mwaka 1204 askari wa Msalaba kutoka Magharibi waliuteka na kuuharibu mji ule, na vitabu vingi vikaangamia au vikatawanyika. Miaka 25 baadaye ngozi za kitabu hiki zikawa mikononi mwa Myronas.

Kazi ya kukigeuza ilifanywa hivi. Nyuzi za kitabu cha kale zilikatwa, majani yakatengwa, wino ukafutwa. Kila jani likageuzwa ubavu, likakunjwa katikati; hivyo jani moja la Archimedes likawa majani mawili ya kitabu cha sala. Mistari ya zamani ikapita chini ya mistari mipya kwa kukingama, kama fito zinavyokingama na miti katika ukuta wa udongo. Tena sehemu ya katikati ya kila ukurasa wa kale ikaangukia penye mshono, mahali ambapo jicho haliwezi kufika ila kitabu kifumuliwe. Ngozi za Archimedes peke yake hazikutosha. Zikaongezwa ngozi zilizotoka katika vitabu vingine, ambazo tutazitaja baadaye.

Wako waandishi wa Ulaya waliomlaumu kasisi huyu kana kwamba alikuwa mharibifu. Sisi hatukubaliani nao. Kulikuwa na vitabu vikubwa vitatu vya Kiyunani vya Archimedes ambavyo wataalamu wa nyakati zetu huviita A, B na C. Habari ya mwisho ya kile cha B ni ya mwaka 1311, kilipoandikwa katika orodha ya vitabu vya Papa. Kile cha A kilipotea katika karne ya kumi na sita. Hivyo viwili havikufutwa na mtu. Vilitunzwa kama vitabu vya maarifa, navyo vimetoweka. Cha C ndicho hiki cha Myronas, nacho kimesalia kwa sababu kilikuwa kitabu cha sala, na watu hawatupi kitabu cha sala. Kama kisingalifutwa, kingalikaa katika nyumba za watawa wasiojua jometri, na nani angalikitunza miaka 700?

Kwa muda mrefu kilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Saba, iliyo katika jangwa la Uyahudi, kati ya Bethlehemu na Bahari ya Chumvi. Katika karne ya kumi na tisa kikapelekwa Konstantinopoli, katika nyumba ya Upatriarka wa Kiyunani wa Yerusalemu iliyokuwa mji ule. Huko mwaka wa 1840 na kitu alifika Constantin Tischendorf, yule Mjerumani ambaye wasomaji wetu wamjua kwa habari za Biblia ya kale ya Sinai. Alikiona, akaandika kwamba chini yake mna mambo ya hesabu, akaondoka. Walakini jani moja liliondoka pamoja naye, na leo limo katika maktaba ya chuo kikuu cha Cambridge, ambako baadaye sana Nigel Wilson wa Oxford alilitambua kuwa ni la kitabu hiki. Tischendorf alitenda makubwa kwa ajili ya elimu ya Maandiko. Lakini twaona alikuwa na tabia ya kutembelea maktaba za watawa na kurudi akiwa mzito kuliko alivyokwenda.

Mwaka 1899 Papadopoulos-Kerameus alichapa orodha ya vitabu vya maktaba ile, akanukuu mistari michache aliyoweza kuisoma ya maandishi ya chini. Mistari hiyo ikafika machoni pa Johan Ludvig Heiberg wa Copenhagen, mtu aliyeijua Kiyunani ya Archimedes kuliko wote wa wakati wake, naye akaitambua mara moja. Alikwenda Konstantinopoli mwaka 1906, akarudi tena mwaka 1908. Hakuwa na chombo ila kioo cha kukuzia, na picha alizopigiwa. Kwa vyombo hivyo alisoma sehemu kubwa, akaichapa pamoja na kazi nyingine za Archimedes kati ya miaka 1910 na 1915. Picha zake zimehifadhiwa Copenhagen, nazo zimekuwa shahidi wa thamani kuu, kama itakavyoonekana.

Maana humo Heiberg alikuta kitabu ambacho dunia ilikijua kwa jina tu. Ni barua ambayo Archimedes alimwandikia Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Iskanderia, kumweleza njia aliyoitumia kuvumbua mambo kabla ya kuyathibitisha. Katika vitabu vyake vingine Archimedes huonyesha nyumba iliyokwisha kujengwa, wala haachi hata ubao mmoja wa jukwaa la waashi. Katika barua hii aeleza jukwaa lenyewe. Aliwaza umbo, kama tufe au koni, limekatwa vipande vyembamba visivyo na unene. Kisha kwa akili yake akavitundika vipande hivyo katika mizani, kimoja upande huu na kingine upande ule, akatazama vinavyolingana. Alipokwisha kujua jibu kwa mizani, ndipo alipotafuta uthibitisho wa jometri. Hata hivyo aliuheshimu uthibitisho, akasema waziwazi kwamba mizani peke yake haitoshi. Sisi tufundishao watoto hesabu twajua ni mara chache bwana mkubwa kukubali kuonyesha karatasi zake za majaribio.

Baada ya vita kuu ya kwanza mambo yalichafuka Konstantinopoli, vitabu vya nyumba ile vikahamishwa, na hiki kikatoweka. Kikaonekana baadaye Ufaransa, katika mikono ya familia moja. Kati ya mwaka 1906 na mwaka 1998 kiliharibika kuliko katika miaka 700 iliyotangulia. Kuvu walikuwa wamekula kurasa. Majani 3 aliyoyasoma Heiberg hayakuwamo. Mgongo wake ulikuwa umepakwa gundi ya kisasa ambayo haitoki kwa maji. Na jambo baya zaidi, mtu alikuwa amechora picha za Wainjilisti wanne, kwa rangi na dhahabu, juu ya kurasa nne, kusudi kitabu kionekane cha thamani zaidi. Picha za Heiberg zaonyesha kwamba kurasa zile hazikuwa na michoro kabla. Tena michoro yenyewe ilinakiliwa kutoka katika kitabu kilichochapwa mwaka 1929, na rangi yake moja ya kijani haikuuzwa kabla ya mwaka 1938. Basi huyu aliyejifanya kuheshimu Injili alifunika sala na Archimedes pamoja.

Tarehe 29 Oktoba 1998 kitabu kilinadiwa na nyumba ya Christie's mjini New York. Kabla ya mnada Upatriarka wa Yerusalemu ulikwenda mahakamani, ukidai kwamba kitabu ni mali yake na kwamba kilitoka kwake bila haki. Mnada haukuzuiwa. Mnunuzi asiyetaka kujulikana alikichukua kwa dola milioni 2, na serikali ya Ugiriki, iliyotaka kukinunua, ikashindwa. Mwaka 1999 hakimu aliamua kwamba madai ya Upatriarka yamechelewa mno, kwa kuwa familia ile ilikuwa nacho miaka mingi.

Hukumu ni hukumu, nasi si wanasheria. Lakini hatuwezi kuipita habari hii kwa haraka, maana yagusa kila kanisa lenye sanduku la karatasi za kale. Orodha ya mwaka 1899 yashuhudia kitabu kilikuwa katika maktaba ya nani. Nani alipaswa kupiga kelele kilipotoweka, na lini? Watawa walikitunza karne nyingi kwa sababu ya sala zake. Ulimwengu ukakitaka kwa sababu ya hesabu zake. Na alipofika mahakamani, mtunzaji akaambiwa amechelewa. Twaona kwamba haki haikutimia yote. Kwa upande mwingine yafaa kusema kweli kwamba mnunuzi yule, ambaye angaliweza kukifungia kabatini, alikikabidhi mapema mwaka 1999 kwa jumba la Walters katika mji wa Baltimore, Marekani, akatoa na fedha za kazi yote iliyofuata. Mwenye mali wa namna hii ni nadra. Wala si busara kujenga desturi ya elimu juu ya tumaini la kumpata mwingine kama yeye.

Huko Baltimore mtunzaji wa vitabu Abigail Quandt alianza kukifumua. Hakuna aliyetazamia kazi hiyo ingechukua muda gani. Ilichukua miaka 4. Ile gundi ya mgongoni iliondolewa kidogo kidogo, vipande vilivyoanguka vikawekwa alama mahali pake, hata kile kilicho kidogo kama kucha. Kufumua kulileta faida mara moja, kwa maana mistari iliyofichwa penye mshono, ambayo Heiberg hakuweza kuiona hata kidogo, ikatoka nje.

Kisha zikaja taa. Roger Easton, Keith Knox na William Christens-Barry walipiga picha za kila ukurasa chini ya mianga ya namna mbalimbali, mmoja baada ya mwingine. Chini ya mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mtu haliuoni, ngozi hung'aa na mabaki ya wino wa kale huonekana meusi. Chini ya mwanga mwekundu wino huo wa kale karibu utoweke, ila sala hubaki. Wakazitia picha mbili hizo katika kompyuta na kuzichanganya. Sala zikatoka nyeusi, na Archimedes mwekundu. Kwa mwanga huo huo wa urujuanimno ndipo John Lowden aliposoma jina la Myronas na tarehe yake, ambavyo Heiberg hakuvijua.

Kwa kurasa zile nne zilizopakwa dhahabu, taa hazikufaa. Hapo alisaidia mtaalamu wa fizikia, Uwe Bergmann, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara kubwa ya SLAC huko California. Wino wa kale una chuma ndani yake. Bergmann alifikiri kwamba miali ya eksirei yenye nguvu ingeweza kupenya rangi na kuiamsha ile chembe ya chuma, nayo ikatoa mwali wake yenyewe wa kuhesabiwa. Katika miaka 2005 na 2006 kurasa zilipelekwa huko, zikapitishwa mbele ya mwali polepole kwa saa nyingi. Maneno yakatokea chini ya miguu ya Wainjilisti wa bandia.

Yaliyopatikana hayakuwa machache. Reviel Netz na Ken Saito, mwaka 2001, walisoma mahali pamoja katika ile barua kwa Eratosthenes ambapo Heiberg alishindwa, wakaona kwamba Archimedes alilinganisha wingi wa vitu visivyo na mwisho, jambo ambalo wengi walidhani Wayunani wa kale hawakuthubutu kulifanya. Pia kuna kipande cha kazi inayoitwa Stomachion, habari ya mraba uliokatwa vipande 14. Netz ametoa rai kwamba Archimedes alitaka kujua vipande hivyo vyaweza kupangwa kwa njia ngapi ili mraba urudi. Waliohesabu siku hizi wamepata njia 17,152. Na katika zile ngozi za nyongeza Natalie Tchernetska alitambua mwaka 2002 hotuba za Hyperides, msemaji mashuhuri wa Athene, ambazo hazikuwa zimesomwa na mtu tangu zama za kati. Ngozi nyingine zilikuwa na maelezo ya kale juu ya kitabu cha Aristotle kiitwacho Kategoria.

Tarehe 29 Oktoba 2008, miaka 10 kamili tangu mnada, picha zote na maandishi yote yaliyosomwa yaliwekwa katika intaneti bila malipo. Mtu ye yote aweza kuzichukua, kuzinakili, hata kuzichapa, bila kuomba ruhusa. William Noel, aliyesimamia kazi hiyo pale Walters, alilishikilia jambo hili kwa nguvu. Sababu yake ya kwanza ni ya kiutunzaji tu: kitu kilicho mahali pamoja huteketea mara moja. Heiberg alisafiri safari mbili ndefu ili aone kurasa hizi. Leo mwalimu wa Songea au wa Bukoba mwenye kompyuta aziona vizuri kuliko alivyoziona yeye. Wako wakuu wa maktaba wanaoogopa kwamba picha zikitolewa bure hapana atakayekuja kuvitazama vitabu vyenyewe. Sisi twadhani hofu hiyo haina msingi. Picha ya uso wa mtu haimfanyi msafiri asitake kumwona.

Hata hivyo tuna neno moja la kulalamikia. Katika kazi hii yote sala za Myronas zilikuwa kama pazia la kusogezwa. Kompyuta ilifundishwa kuona kilicho chini. Lakini kitabu cha sala cha mwaka 1229, chenye jina la mwandishi na siku yake, ni hati ya zama za kati kwa haki yake yenyewe. Chatuambia makasisi wa Palestina waliomba nini na kubariki nini katika siku ambazo Wakristo wa Magharibi na Waislamu walikuwa wakigombania nchi ile. Picha zimo. Tungefurahi kuona mapadre wasomao Kiyunani wakizishughulikia kwa bidii ile ile ya watu wa hesabu.

Njia ya kutunza bila kuhamisha nayo imekwisha kuonekana. Wamonaki wa Collegeville huko Minnesota, wana wa Kanuni ile ile inayoshikwa Peramiho na Ndanda, walianza mwaka 1965 kupiga picha maktaba za monasteri za Ulaya, wakihofia vita vingine. Mwaka 1973 kazi hiyo ikaanza Ethiopia, pamoja na Kanisa la nchi ile; hati za Kigeezi elfu nyingi zikapigwa picha, nazo zenyewe zikabaki katika makanisa yake. Mwaka uliofuata yakaja mapinduzi, wala hapana asiyeona kwamba picha zilianza kupigwa kwa wakati wake.

Katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai, hao hao Easton, Knox na wenzao walifanya kazi kati ya miaka 2011 na 2016. Huko kitabu hakikutolewa. Taa ndizo zilizopelekwa jangwani, kwa mwaliko wa watawa wenyewe, na palimpsesti zaidi ya 70 zikapigwa picha. Miongoni mwake zimo mbili zilizotoka katika chumba kilichofunguliwa mwaka 1975, ambazo maandishi yake ya juu ni ya Kigeorgia. Chini ya Kigeorgia, Zaza Aleksidze alikuwa amekwisha kutambua, katika miaka ya 1990, herufi za Waalbania wa Kaukazi, watu waliokuwa na Kanisa lao na alfabeti yao, na ambao lugha yao ya kale ilijulikana kwa maandishi machache ya kuchongwa tu. Zilizofutwa zilikuwa kurasa za masomo ya kanisani, pamoja na sehemu za Injili ya Yohane.